Aliyeitikia Jina la Cadette

Muzaliwa alikuwa hajavuka hata daraja la miti la kuingilia kijijini kwao, upande wa Wamaza, watu walipoanza kumpongeza. Wa kwanza alikuwa Iliasi, mchuuzi wa chumvi na sabuni, aliyeacha meza yake na kuja kumshika mkono kwa mikono yote miwili, kama mtu anayempokea diwani.

"Muzaliwa, kumbe weye ni mutu ya maana. Bibi yako anatuletea bomba."

"Bibi yangu gani?"

"Uko nao wangapi? Cadette. Kesho wakubwa wa Kasongo wanakuja kumupatia kibao."

Muzaliwa akaweka mzigo chini. Alikuwa ametoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Lusangi, akikaa hukohuko tangu tumbo la mkewe lilipoanza kuonekana, na habari alizozipata zilikuwa zile za kuletwa na wapita njia: mtoto amezaliwa, wa kiume, ameitwa Aristote, wote wazima. Habari za kibao hakuwa nazo. Iliasi akamweleza. Kuna shirika lililokuja na vizibao vya bluu, wao wanaviita gile, linalotembelea nyumba zenye watoto wachanga. Linafundisha kunawa mikono, kunyonyesha, na hata moyo wa mama unavyotakiwa kuwa. Nyumba inayojibu vizuri inapigiliwa kibao cha bati mlangoni: Nyumba ya Mfano. Kijiji kikipata vibao vya kutosha, kinachimbiwa bomba la maji.

"Na bibi yako anajibu, ndugu yangu. Anasema kama redio. Halafu amenona."

Muzaliwa alimjua Cadette kama mwanamke ambaye siku ya ndoa padri alimuuliza mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyemsikia. Mbele za watu, maneno yake yalikuwa ya kubembelezwa. Lakini mwanaume akisifiwa mke njiani, akili inalala kidogo. Alibeba mzigo wake, akaendelea na safari huku kichwa kimemvimba.

Mashirika aliyajua. Shule aliiacha mapema, na tangu hapo alikuwa anaamini kile tu kinachobaki chini ya karai baada ya mchanga kuoshwa. Mashirika yalikuwa yamekuja na vyandarua, watu wakazungushia mboga ili kuku wasiingie. Moja lilikuja kuwafundisha kupanda miti, watu wanaoishi msituni, ambao kazi yao ya kila mwaka ni kupigana na miti isiwaingilie shambani. Walipiga makofi, wakala biskuti, wakaenda kulala. Sasa hili la moyo wa mama lilikuwa jipya. Alitema mate pembeni, lakini kwa furaha.

Uani kwao alimkuta dada yake, Darlène, mwanamke mpana, mcheshi, aliyeachana na mumewe wa Kabambare na kurudi nyumbani na mtoto anayejifunza kutembea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ananyonyesha, mwanawe upande huu, na upande wa pili kitoto kichanga, kinene, cheusi, kilichoshika titi kama mali yake.

"Kaka amefika. Aristote, angalia baba yako. Ametoka huko bila hata nyama mwilini."

Mama yao, Clémentine, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alimsalimia mwanawe kwa kidevu, mchi haukusimama.

"Cadette iko wapi?" Muzaliwa aliuliza.

"Iko ndani. Anapumuzika."

"Tangu saa ngapi?"

Mchi ulipanda, ukashuka. "Tangu azae," Clémentine alisema.

Chumba kilikuwa na giza la mchana. Dirisha lilikuwa limezibwa na kitambaa. Cadette alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mifupa ya mabega ilikuwa imeinua nguo. Nywele zake, ambazo zamani hakuruhusu jirani hata mmoja azione hazijasukwa, zilikuwa zimeshikana kama nyasi za kiota. Muzaliwa alisimama mlangoni, na kwa kuwa hakuwa na maneno mazuri, akatumia aliyokuwa nayo.

"Amuka. Bwana yako amefika. Nimekuletea kikwembe."

"Weka pale."

Hakugeuka. Muzaliwa aliweka kile kitenge juu ya ndoo, akasubiri, kisha hasira ikampanda. Ametoka mbali, miguu imechanika, na mtu hampi hata jicho. Akamwambia kuwa huo ni uvivu, kwamba dada yake analea watoto wawili na yeye amelala kama binti wa chifu.

"Ndiyo," Cadette alisema.

Ni hilo "ndiyo" lililomtisha. Mbele za watu Cadette alikuwa kimya, lakini chumbani na mumewe alikuwa na mdomo wa pilipili. Alimkaripia kwa namna alivyokunja suruali, alivyopalilia, alivyofunga mzigo wa mihogo kwenye baiskeli. Hakuna fundo la Muzaliwa ambalo Cadette hakulifungua na kulifunga upya. Akiambiwa mvivu, mwanamke yule angemrudishia neno hilo likiwa na ndugu zake wote. Kusema kweli, Muzaliwa alikwenda Lusangi kutafuta dhahabu, na pia kupumzisha masikio. Sasa masikio yalikuwa yamepumzika kabisa, na hakupenda.

Alitoka nje. "Mama, acha kutwanga. Sema."

Clémentine aliegemeza mchi, akasema kwa sauti ya chini iliyojaa uchungu wa mtu asiyependa kuulizwa. Uzazi ulikuwa mrefu. Mtoto alipotoka, Cadette alimwangalia kama mtu anayeangalia mtoto wa jirani. Walisema atazoea. Walimkanda kwa maji ya moto, wakampikia kuku, wakamtilia mawese kwenye uji. Alikula vijiko viwili akageukia ukuta. Wakaja watu wa kikundi cha maombi. Hao hawakuuliza anaumwa nini, waliuliza mimba ni ya nani, kwamba mwanamke akizaa kwa shida na kukosa furaha, kuna jina la mwanaume analolificha, alitaje apone.

"Niliwafukuza na huu mchi," Clémentine alisema. "Mama mwombezi angali anachechemea."

"Halafu?"

"Halafu akaja mama wa gile. Laetitia. Kijana, mupole, anatoka mbali, hajui mutu hapa. Akamukuta Darlène amebeba Aristote. Akauliza, ni weye Cadette? Darlène akaniangalia. Mimi nikaitika kwa kichwa."

"Mama."

"Ningefanya nini? Nimuambie mugeni kwamba mukwe yangu hapendi kumubeba mutoto? Kesho ingekuwa sokoni, kesho kutwa wale wa maombi wangerudi na kamba kumufunga. Nilimuficha. Mutu anafichwa kwa kumupenda."

"Na kijiji?"

"Kijiji kinajua kwamba mimi si Cadette. Lakini kinataka bomba," Darlène alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Muzaliwa aliuangalia ukuta wa nyumba. Ulikuwa wa fito na udongo. Jirani akipiga chafya, wewe ndani unamtakia afya. "Sasa kila wakija mnakaa hapa, na yeye iko pale nyuma. Anasikia vyote."

"Anasikia mambo ya afya," Clémentine alisema. "Ni mubaya?"

Muzaliwa alirudi ndani, akakaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye kitanda. Hakuwa na swali, kwa hiyo alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa jambo la kwanza la akili alilofanya siku hiyo. Baada ya muda mrefu sauti ikatoka ukutani.

"Yule mama anauliza, Cadette, uko namna gani? Na Cadette anajibu. Iko muzuri. Anakula, analala, anacheka. Mutoto wake amenona. Watu wanamupigia makofi."

"Ni Darlène ule."

"Ni Cadette. Wote wanamuita vile. Mutoto iko na mama yake, kijiji kiko na Cadette yao." Alivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. "Minawaza siku moja nitatoka na mulango wa nyuma, nishuke mutoni, nisirudi. Nani atauliza? Cadette iko pale, kwenye mukeka."

Muzaliwa, aliyeshuka kwenye mashimo ambako udongo ulifunika watu akiwaona, aliinuka mara moja. Alikwenda kuufunga ule mlango wa nyuma kwa gogo, kisha akarudi kukaa palepale, na hakuondoka.

Asubuhi ua ulifagiliwa mpaka ardhi ikang'aa. Kidumu cha kunawia mikono kikaletwa. Kidumu hicho kilikuwa kimoja kwa kijiji kizima. Kilitangulia wageni, nyumba hadi nyumba, na kila shirika lilipopita lilifurahi kuona kila kaya ina kidumu. Clémentine alimvuta mwanawe nyuma ya jiko.

"Acha wapigilie kibao. Wakiondoka tunamupeleka kituo cha afya, polepole, bila makelele."

"Baada ya kibao."

"Baada ya kibao tu."

Muzaliwa alimwangalia mama yake, akaona kwamba anasema kweli na kwamba anaogopa, na hilo halikumpunguzia hasira hata kidogo.

Wageni wakafika kwa pikipiki. Laetitia alikuwa msichana mwembamba mwenye macho ya usingizi wa safari. Mkubwa wake, Roger, alitoka Kasongo, ana gile mpya na viatu alivyovifuta kwa jani mara tu aliposhuka. Majirani walijaa. Darlène alikaa mkekani na Aristote mapajani, amevaa vizuri, anang'aa mafuta. Laetitia akafungua picha zake, akawa anainua moja baada ya nyingine, na ua mzima unajibu kama misa. Mikono inanawiwa lini? Walijua. Mtoto anapewa nini kabla ya miezi sita? Walijua. Mwisho akainua picha ya mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, mikono kichwani, mtoto analia pembeni.

"Huyu mama ana nini?"

Darlène hakusubiri. "Huyu mama ana ugonjwa wa huzuni baada ya kuzaa. Hana kosa. Si mvivu, si mulozi. Asiachwe peke yake. Familia imusikilize na kumusindikiza kituo cha afya."

Hakukosea hata neno. Watu wakapiga makofi, Clémentine akapiga makofi, Iliasi akapiga zaidi ya wote akiwaza bomba. Muzaliwa aliangalia mikono ile inavyopigana na kuona wanayajua yote. Hakuna kilichowapungukia. Walikuwa na jibu mdomoni, na mgonjwa nyuma ya ukuta, na haikumpitia hata mmoja kichwani kwamba hivyo viwili vinajuana. Jibu lilikuwa la mgeni. Lilitolewa akija, likawekwa akiondoka, sawasawa na kile kidumu.

Roger alitoa simu apige picha. "Na wewe mwenyewe, mama Cadette, moyo uko namna gani?"

"Uko muzuri, shefu. Minalala, minakula, minacheka."

Watu wakacheka naye, kwa sababu Darlène akicheka ni vigumu kubaki nyuma. Muzaliwa akainuka akaingia ndani.

Aliporudi alikuwa amemshika Cadette chini ya makwapa. Jua lilimpiga mwanamke usoni, akafumba macho. Kicheko kikafa kipande kipande, kuanzia wa mbele.

"Huyu mgonjwa ni nani?" Roger aliuliza.

"Bibi yangu."

"Una bibi wawili?"

"Ule ni dada yangu. Tulinyonya titi moja, uliza mama. Cadette ni huyu."

Laetitia alimwangalia Darlène, akamwangalia Cadette. "Lakini Cadette ni yule," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nakuja hapa kila mara."

"Madamu, mimi ndiye nilimuoa. Ao nilete mashahidi?"

"Muzaliwa," Iliasi alisema kutoka nyuma, "fikiria bomba."

"Likija uoshee uso."

Roger akakohoa kikubwa. Alisema kwamba jambo hili ni zito, litashughulikiwa, lakini njia ya Kasongo ni mbaya na mvua iko karibu. Kibao kwa sasa kinaweza kupigiliwa, mtoto si anaonekana mnono, halafu mambo mengine yafuate utaratibu.

"Kipigilie mugongoni kwako," Muzaliwa alisema. "Nitakushikia musumari."

Laetitia alikuwa ameshaacha kumsikiliza mkubwa wake. Alisogea hatua moja, picha zimemlegea mkononi, akauliza kama mtu anayebisha hodi asiyejua nyumba ni ya nani.

"Cadette?"

"Ndiyo, niko," akaitika Darlène. Ilimtoka tu, kwa mazoea.

Cadette akafumbua macho.

"Nyamaza, Darlène," alisema. "Ile ni jina yangu."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka kwa Iliasi. Darlène akaanza kulia, machozi makubwa kama alivyo yeye mwenyewe, akainuka mbio amwekee mtoto mikononi. Aristote alimwangalia mwanamke huyu mkavu, akakunja uso, akapiga yowe na kugeuza kichwa kumtafuta shangazi yake. Cadette aliona. Akajiachia chini.

"Si munaona," alisema. "Munaona wenyewe."

Muzaliwa alimshika asianguke, na hapo maneno yote aliyokuwa nayo, ya kutukana na ya kudharau, hayakumsaidia kitu. Clémentine ndiye aliyekuja. Alimchukua mtoto kwa Darlène, akakaa chini pembeni ya mkwewe, mtoto analia katikati yao.

"Mutoto hajui kitu," alisema. "Anajua harufu ya maziwa. Huyu bwana yako alikuwa analilia mbuzi. Mbuzi akipita, analia mama, mama, mimi nimesimama pale na matiti yangu. Nilimungojea. Nawe utamungojea huyu." Halafu, bila kuinua macho: "Nilikosa, mukwe yangu. Nilikuficha mpaka nikakupoteza." Kisha akageukia majirani. "Munangojea nini? Musiba? Hakuna musiba hapa. Rudini kwenu."

Waliondoka taratibu, kama watu walioondolewa sahanini kabla ya kushiba. Mmoja wao hakusahau kidumu. Kilikuwa kinangojewa nyumba ya pili.

Laetitia alichuchumaa mbele ya Cadette. Alitafuta ile picha ya mwanamke mwenye mikono kichwani, akaitazama, akaigeuza kifudifudi chini. Akauliza kama analala. Cadette akasema hapana. Akauliza kama kuna mahali anawaza kwenda. Cadette akasema mtoni. Yale maneno aliyokuwa anayasema kila kijiji, kwamba ni ugonjwa na unatibika, kwamba hakuna kosa alilofanya, yalimtoka safari hii kwa kukwama kwama, kama mtu anayeyasikia mwenyewe mara ya kwanza. Akamwambia Muzaliwa asimwache peke yake hata kidogo. Darlène aendelee kunyonyesha, lakini mtoto alale karibu na mama yake. Muuguzi wa kituo cha Wamaza aanze kumwona leo hii. Ikihitajika, Kasongo kuna daktari.

"Leo hii naenda nanyi," alisema.

"Na ripoti?" Roger aliuliza.

"Utaandika ulichoona, shefu."

Roger akakirudisha kibao ndani ya mfuko wake, akafuta viatu tena.

Pikipiki zikatafutwa. Clémentine alikusanya mkeka, sufuria, unga na chupa ya mawese, kwa sababu anayepelekwa kutibiwa bila mpishi anakufa kwa njaa kabla ya ugonjwa. Muzaliwa akachukua kamba ya mpira na kuanza kufunga mzigo nyuma ya kiti. Cadette alikuwa amekalishwa kwenye kigoda kivulini, amefunikwa mabega na kile kitenge kipya, Darlène upande mmoja na mtoto, Laetitia upande wa pili. Alikuwa anaangalia mikono ya mumewe. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Itaanguka," alisema.

"Haitaanguka."

"Sufuria iko juu ya unga. Fundo gani ile?"

Muzaliwa aliacha kufunga. Darlène alifungua mdomo, kisha akaukumbuka na kuufunga.

"Unaniacha na mimba," Cadette alisema, polepole, akipumzika kati ya neno na neno, "unaenda kukaa kwa mashimo, unarudi na kikwembe. Na kufunga muzigo haujue bado."

Hakuna kati ya hayo lililokuwa la uongo, na yote yalisemwa mbele ya mgeni, mbele ya waendesha pikipiki wawili waliokuwa wanajifanya kuangalia matairi. Siku nyingine Muzaliwa angebeba mfuko wake na kurudi Lusangi. Alisimama juani na kamba mkononi, akiomba Cadette asichoke kumkaripia.

"Nifunge namna gani?" aliuliza.

"Fungua kwanza."

Akafungua.

"Sufuria chini. Vuta."

Akavuta.

"Si vile," alisema Cadette, na Muzaliwa akaanza upya.